Waraka Namba Saba Kuhusu Kiingereza cha Kuzaliwa Nacho

"Kuanzia Jumatatu ijayo, saa mbili kamili asubuhi, watumishi wote wa Idara hii wataongea Kiingereza kana kwamba hawakukisoma popote."

Hivyo ndivyo tangazo lilivyosema. Nalikumbuka neno kwa neno kwa sababu nililiandika mimi, nikaligonga muhuri mimi, na nikalibandika kwa mkono wangu ndani ya mlango wa choo, mahali ambapo uchunguzi wetu ulionyesha kwamba watumishi husoma kwa utulivu kuliko mezani.

Mimi ni Afisa Itifaki wa Idara, na katika zoezi hili nilikuwa pia Katibu wa Kamati ya Kudumu ya Kiingereza cha Kuzaliwa Nacho. Pembeni wananiita Mzee Muhuri. Wanadhani sijui. Najua, na wala hainisumbui, ila majina yao nimeyaandika mahali.

Chanzo cha yote ni safari. Mkurugenzi alikwenda mkutanoni nje ya nchi, akatoa hotuba ya dakika arobaini, na alipomaliza, binti aliyekuwa akikusanya vikombe akamwambia kwa tabasamu kwamba anaongea Kiingereza kizuri sana, kama barua. Mkurugenzi alirudi nyumbani kifua mbele. Siku tatu nzima kila aliyeingia ofisini kwake alisimuliwa habari hiyo, hata fundi aliyekuja kutengeneza kiyoyozi. Siku ya nne akamsimulia mkewe. Mke huyo ni mwalimu wa sekondari, hana adabu za kiofisi, akamuuliza, "Na wewe umewahi kupiga soga na barua?"

Kesho yake tuliitwa kikao cha dharura.

"Sisi tunaongea kama barua," Mkurugenzi alituambia, macho mekundu. "Wenzetu wanaongea kama watu. Nataka ndani ya robo mwaka na sisi tuongee kama watu. Kamati iundwe."

Fundi Kompyuta, kijana wa makamo asiyevaa tai, akasema hakuna haja ya kamati. Akasema mtandaoni kuna jukwaa ambapo wanaojifunza Kiingereza huuliza, na wanaokijua huwajibu jinsi watu wanavyosema kweli barazani, sokoni na kwenye simu. Mtu yeyote anaingia, bila ada wala kibali. Mkurugenzi alimshukuru kwa mchango huo, kisha akaunda kamati ya watu kumi na mmoja ya kuingia kwenye jukwaa hilo.

Tulikuwa na kompyuta moja. Mimi nilisoma kwa sauti, wengine walisikiliza, na kila msemo ulioonekana kufaa ulifunguliwa jalada, ukapewa namba, ukazungushwa kwa wakuu wa vitengo ili waweke maoni, na ukirudi salama niligonga muhuri. Kwa utaratibu huo tulikuwa tukijifunza misemo miwili kwa wiki. Wako waliosema ni kasi ya konokono. Mimi naiita kasi yenye uwajibikaji.

Matatizo ya kisera yalijitokeza mapema. Tuligundua kwamba waliozaliwa na lugha hii, wanapotaka kukataa jambo, hutanguliza kusema wanaogopa. Wanaogopa hawawezi, wanaogopa mlango umefungwa, wanaogopa meneja ametoka. Mwanasheria wa Idara alisimama palepale.

"Serikali haiogopi," alisema. "Haijawahi kuogopa kwa maandishi tangu iundwe. Nani atasaini hiyo?"

Tukabishana hadi chakula cha mchana. Mwishowe tukapitisha kwamba mtumishi akikataa jambo aseme kwa Kiingereza, "Bila hofu yoyote, hatuwezi." Tangu siku hiyo wateja wamekuwa wakitoka kaunta haraka zaidi, jambo tuliloliandika kwenye taarifa kama mafanikio.

Likaja suala la salamu. Kumbe wenyewe wakiulizwa hali hawasemi ni nzuri sana na asante. Wanasema si mbaya. Mkuu wa Utumishi, mama makini anayetembea na kalamu tatu, akauliza, "Waziri akimuuliza Mkurugenzi hali ya Idara, naye akajibu si mbaya, si itaundwa tume?" Tukaafikiana kwamba wa ngazi za chini wawe si mbaya, wa ngazi za juu waendelee kuwa wazuri sana.

Lakini kilichotuumiza vichwa zaidi ni kusitasita. Jukwaa lilituambia wazi kwamba mtu aliyezaliwa na lugha hamwagi maneno kama anasoma risala. Anatafuta neno, anaguna kidogo, anarudi nyuma, anatia "yaani" hapa na "unajua" pale. Hilo lilitushtua, maana miaka yote tumekuwa tukiwaadhibu watu kwa kosa hilohilo. Kamati ikakaa siku tatu ikatoa Jedwali la Kusitasita kwa Ngazi. Mkurugenzi alipewa kusita mara tatu kwa sentensi, wakuu wa vitengo mara mbili, maafisa mara moja, na madereva kwa kibali maalumu. Mkurugenzi alifanya mazoezi kwa bidii. Alipokuwa akiongea na wageni mimi nilisimama nyuma yao, na muda wa kusita ukifika niliinua kidole.

Katika jukwaa lile yuko mtaalamu mmoja aliyetushika kuliko wote. Jina alilojipa huko, kwa lugha yetu, ni Kikombe cha Pili. Wengine walijibu kwa kujionyesha, au kwa kumcheka aliyeuliza. Huyu hakuwahi kumcheka mtu. Kuna aliyeuliza vipi atamwambia mgeni aondoke bila kumfukuza, akajibiwa, "Mwambie asubuhi yako inaanza mapema, kisha msindikize mpaka mlangoni, kwa sababu miguu yako itasema kilichobaki." Tulisoma jibu hilo mara tano. Kwa upole wake tulikadiria kuwa ni profesa mstaafu wa kizungu, mwenye umri wa miaka kama sabini, na bustani. Majibu yake niliyachapisha, nikayatia plastiki, na kuyapanga kwenye kabati lenye kufuli.

Sasa nieleze habari ya nyota, maana hapo ndipo mambo yalipokuwa mambo. Kwenye jukwaa, ukisema kitu chenye manufaa, watu hukupa nyota. Nyota zikikusanyika unapanda cheo: unaanza Mgeni, unakuwa Jirani, kisha Mwenyeji, kisha Mkongwe, na juu kabisa ni Mlezi. Mkurugenzi alijisajili kwa jina la Kiongozi Mtarajiwa. Baada ya wiki sita bado alikuwa Mgeni. Maswali yake yote yaliishia na maneno "nijibiwe kabla ya Ijumaa."

"Mtu wa ngazi yangu," aliniambia akiwa amefunga mlango, "anaitwa Mgeni na watu nisiowajua. Hili si jambo la kukaa nalo kimya."

Tulilitatua kiutawala. Watumishi themanini walisajiliwa, na kila asubuhi saa moja na nusu, kabla ya kuanza kazi, walisimama uani na simu zao, mimi nikihesabu moja, mbili, tatu, na wote wakampa Mkurugenzi nyota. Orodha nilikuwa nayo mimi. Kwa siku kumi na tano akawa Mwenyeji. Alinunua tai mpya.

Ndipo akaandika Waraka Namba Saba. Waraka ulisema kwamba cheo cha mtumishi jukwaani kitakuwa ndicho cheo chake kazini kwa mambo yote ya kupanda, kuhama na kusaini. Hesabu yake ilikuwa rahisi: kwa mwendo ule wa uani, kufikia mwisho wa mwaka angekuwa Mlezi, na Mlezi angelinganishwa na Katibu Mkuu. Alitia kifungu kwamba vituo vya mbali vijazwe na mwenye nyota chache kuliko wote, ili kumjengea ari. Akatia kingine kwamba Waraka hauwezi kufutwa ila na mwenye cheo cha juu kuliko wote kwa mujibu wa Waraka huo, ili asije mtu baadaye akauchezea. Waziri akausaini akiwa ndani ya gari, injini inanguruma.

Kabla watumishi hawajajaza fomu za kutaja majina na vyeo vyao vya jukwaani, tuliendesha usaili wa ana kwa ana. Kila mmoja aliketi mbele ya Kamati dakika tatu na kuongea kama aliyezaliwa nacho. Wengi walisitasita kwa viwango. Aliyetuangusha ni Mama Simu.

Mama Simu ndiye anayepokea simu za Idara pale mapokezi. Ana miaka ishirini na miwili kwenye kiti kilekile, kimeshonwa upya mara mbili. Aliingia, akaketi, nikamuuliza kwa Kiingereza hali yake.

"Nimechoka kidogo," alijibu kwa Kiingereza. "Na nyie je, mmekunywa chai?"

Kamati ilitazamana. Hakutumia kusita hata mara moja. Alijibu swali la hali kwa kusema hali yake kweli. Isitoshe, aliigeuzia Kamati swali. Tulimpa alama kumi na moja kwa mia, na hiyo moja ilikuwa ya kuketi vizuri.

Kulikuwa na nafasi kwenye ghala la nyaraka, kituo cha mbali, siku mbili kwa basi. Waziri alikuwa ameahidi kituo hicho mtu kabla ya mwisho wa mwezi. Nyota zilikuwa hazijahesabiwa, tukatumia alama za usaili, na jina likawa limepatikana. Kilichobaki ni barua, na Mkurugenzi hakutaka iwe kama barua. Kwa hiyo aliuliza jukwaani vipi waliozaliwa na lugha humwambia mtumishi wa chini kwamba anahamishwa, na Kikombe cha Pili akamjibu siku ileile.

"Ningemwambia hivi: Sikia, najua hili si jepesi kulisikia, na nimetaka ulisikie kutoka kwangu. Tunakuhamisha. Halafu ningenyamaza, nikamwacha aseme, kwa sababu maongezi ya mtu mmoja si maongezi."

Mkurugenzi alifurahi kupita kiasi. Tuliyafanya maneno hayo kuwa Fomu ya Uhamisho, yenye nafasi ya kujaza jina na kituo. Sentensi ya mwisho tuliifuta, kwa kuwa hakuna aliyeweza kueleza kunyamaza kwa Mkurugenzi kungeingizwa kwenye kifungu gani. Nikaigonga muhuri, nikaipeleka masjala, na masjala wakaifikisha mapokezi baada ya siku nne, umbali wa hatua kama thelathini.

Mama Simu alikuja mezani kwangu na barua mkononi.

"Mzee, naomba dakika mbili."

"Andika ombi, Mama."

"Nimekuja kuliongea. Mama yangu yuko kitandani mwaka wa kumi sasa, upande mmoja umepooza. Nyumbani ni hapo nyuma, mtaa wa pili. Saa sita naenda kumlisha. Hakubali kula kwa mkono wa mtu mwingine. Jirani alijaribu nilipougua, akafunga mdomo tangu asubuhi mpaka nilipojikokota mwenyewe. Nikienda huko siku mbili mbali, mama yangu atakufa kwa njaa na chakula kiko pembeni yake."

Nilimweleza kwamba masuala ya ulaji wa wazazi hayamo katika Waraka. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo lililonikera kidogo.

"Hapa pameandikwa nimetaka ulisikie kutoka kwangu," alisema, akinionyesha mstari. "Kutoka kwa nani?"

"Kwa Mkurugenzi."

"Nimeletewa na mtu wa masjala, akaniambia nisaini hapa na hapa."

"Ndiyo utaratibu."

Aliitazama ile karatasi. Nilidhani atalia, nikasogeza faili pembeni zisilowane. Hakulia.

"Na ile ya mwisho mbona mmeikata?"

"Ipi?"

"Ya kunyamaza na kumwacha mtu aseme. Ndiyo yenyewe hasa. Bila hiyo zile mbili za juu ni ukatili tu."

Nilishtuka. Karatasi za Kamati ni siri. Nikamuuliza kwa ukali ni nani aliyevujisha.

"Hakuna aliyevujisha, Mzee. Maneno haya niliyaandika mimi. Huyu Kiongozi Mtarajiwa aliuliza, nikamjibu. Kule uani sikuwahi kuja, simu hazina mtu mwingine, kwa hiyo sikumjua. Nilidhani ni bosi mmoja huko duniani mwenye huruma, anatafuta namna ya kusema." Akakunja barua. "Kumbe nilikuwa nachonga rungu la kunipigia mwenyewe."

Mimi si mtu wa kucheka kazini. Nilifungua droo, nikacheka humo ndani, nikaifunga. Mama Simu akaomba fomu ya kutaja majina ya jukwaani. Mtumishi yeyote ana haki nayo, hata aliye njiani kuondoka, nami siwezi kumnyima mtu fomu. Akajaza palepale kwa mwandiko mdogo wa kuegemea kulia. Jina: Kikombe cha Pili. Muda: miaka tisa. Cheo: Mlezi. Nyota: elfu arobaini na moja na mia mbili.

Nilikwenda na fomu hiyo kwa Fundi Kompyuta bila kukimbia, ingawa waliokuwapo wanasema nilikimbia. Fundi akafungua jukwaa, akamwandikia Kikombe cha Pili kumuuliza kama yupo. Jibu likaja baada ya dakika moja: "Nipo. Subiri, kuna laini nyingine inaita." Na kweli, kutoka mapokezi tukasikia simu ikiita, ikapokelewa.

Fundi akacheka mpaka akashika meza. "Walezi wako watano dunia nzima, Mzee," alisema. "Mmoja anakuunganishia simu."

Baadaye nilimuuliza Mama Simu Kiingereza hicho amekijulia wapi. Nilitarajia kusikia chuo. Alisema miaka ishirini na miwili anawasikia watu wa nje kwenye simu, wakiomba, wakikasirika, wakipotelewa na mizigo, wakitafuta namna ya kukata tamaa bila kusema wamekata. Alikuwa akiandika kwenye daftari jinsi wanavyosema. Mama yake alipopooza akaanza kujibu watu jukwaani, saa sita, kijiko mkono huu, simu mkono ule, kwa sababu mama anatafuna taratibu na kati ya tonge na tonge kuna nafasi.

Mkurugenzi alipopata habari alifunga madirisha kwanza.

"Tuufute Waraka," alisema.

"Hauwezi kufutwa ila na mwenye cheo cha juu kuliko wote kwa mujibu wake," Mwanasheria alimkumbusha.

"Ambaye ni mimi."

"Alikuwa ni wewe hadi saa tatu na robo leo asubuhi. Wewe ni Mwenyeji. Yeye ni Mlezi. Halafu kuna hili, barua za uhamisho nazo husainiwa na mwenye cheo cha juu. Ya kwake mwenyewe sasa inasubiri saini yake."

Kabla hatujapumua, Fundi Kompyuta akagonga mlango. Wasimamizi wa jukwaa walikuwa wamegundua kwamba nyota themanini humiminika kila siku saa moja na nusu kutoka jengo moja. Wamezifuta zote. Mkurugenzi hakuwa Mwenyeji tena. Alikuwa na sifuri. Watumishi wengine walikuwa wameuliza maswali yao madogo ya kweli, kuhusu kuomba ruhusa na kumjibu mkwe, na kila mmoja alikuwa na nyota mbili tatu za halali. Hata mfagizi alikuwa na tisa.

"Ni yeye ametushtaki?" Mkurugenzi aliuliza.

"Hakushtaki mtu," Fundi alisema. "Mlikuwa mnajipangia mstari kila siku kama gwaride. Mlitaka wasione?"

Mkuu wa Utumishi alichukua moja ya kalamu zake tatu na kuhesabu kwa sauti ndogo. Kituo cha mbali lazima kipate mtu kabla ya mwisho wa mwezi, Waziri ameahidi. Waraka unasema aende mwenye nyota chache kuliko wote. Akaiweka kalamu mezani. Hakuna aliyemtazama Mkurugenzi, ambayo ni namna ya kumtazama.

Tulimwita Mama Simu ofisini. Akajibu kwamba akiondoka simu hazina mtu, kama tuna shida tumfuate. Basi Idara yote ya juu ilishuka mapokezi. Mkurugenzi aliketi kwenye benchi la wageni, lile lililochanika sponji, na Kamati ikasimama nyuma yake. Mama Simu akavua vipokea sauti vya masikioni, akaviweka juu ya meza, akamgeukia. Aliongea Kiingereza, taratibu, kama mtu anayeongea na jirani barazani.

"Sikia, najua hili si jepesi kulisikia, na nimetaka ulisikie kutoka kwangu. Unayehama ni wewe."

Halafu akanyamaza.

Mkurugenzi akaanza, kwa Kiingereza pia. Yaani, unajua, kwa kuzingatia hali halisi. Mimi kwa mazoea nikainua kidole. Mama Simu hakumkatiza wala hakumsaidia. Alimtazama tu usoni, mikono imekaa mapajani, akingoja. Mkurugenzi akajaribu tena, akasita mara tatu kama jedwali linavyotaka, na maneno yakamwishia. Kimya kilikuwa kirefu hadi nikasikia saa ya ukutani, na sikujua kwamba ina mlio.

"Sitaki kwenda," alisema mwishowe. "Mke wangu yuko hapa. Kule simjui mtu."

Kilikuwa Kiingereza, lakini hata mlinzi wa mlangoni alielewa. Nakiri nilimwonea huruma, na nikaona haya kumwonea huruma mkubwa wangu.

"Hapo umeongea," alisema Mama Simu. Akachukua simu yake, akabonyeza. "Nyota hiyo ni ya kwako, hukupewa kwa kuhesabiwa."

Mkurugenzi alitoa leso, akafuta uso, akakaa vizuri. Nimefanya kazi naye miaka kumi na minne, nikaona ndani ya macho yake akili ya kiutawala ikirejea. Alinigeukia.

"Sasa mimi ninayo moja," alisema. "Na Katibu ana ngapi?"

Kila mtu alinitazama. Nilifungua orodha ya watumishi themanini, ile niliyoiandika mimi na kuigonga muhuri mimi. Sikuwamo. Nilikuwa nikisajili wengine, na hakuna aliyenisajili. Sikuwa na sifuri. Sifuri ni ya aliyejiandikisha.

Mama Simu hakufurahi, hilo niseme. Alinigeukia kama alivyomgeukia Mkurugenzi, ila mimi aliniongelesha kwa lugha ya nyumbani.

"Mzee, sikia. Najua hili si jepesi kulisikia, na nimetaka ulisikie kutoka kwangu. Kituo lazima kipate mtu." Akasogea mbele kidogo. "Kabla sijasaini niambie. Saa sita kuna mtu anayekusubiri mahali?"

Akanyamaza. Simu mbili zilikuwa zinaita na hakuzigusa. Nilielewa kabisa alichokuwa ananiuliza. Nilielewa pia kwamba alikuwa ananipa mlango, na kwamba yeye alipokuja kwangu sikumpa hata kiti. Nilikuwa na la kusema. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna anayenisubiri, na kwamba ndiyo sababu huwa nakaa ofisini mpaka mlinzi anizimie taa, na kwamba nikiondolewa hapa sitakuwa na pa kukaa hata hivyo.

"Kwa mujibu wa taratibu," nikasema, "nitakuwa popote nitakapopangiwa."

Aliendelea kungoja. Alingoja mpaka Mkuu wa Utumishi akakohoa. Ilipofika saa sita akasaini barua yangu ya uhamisho, akaipasua ya kwake, na kwa mstari mmoja akaufuta Waraka Namba Saba. Akachukua kikapu chake. Vile vya masikioni akampa Mkurugenzi.

"Utanishikia mpaka saa saba na nusu," alimwambia. "Kila siku. Wakiuliza hali yako, wajibu ilivyo."

Simu ikaita. Mkurugenzi akaitazama, akatutazama sisi, akaona hakuna kidole kilichoinuliwa. Akaipokea.

Haya nayaandika kutoka ghala la nyaraka. Mabasi huja Jumanne. Nimejisajili jukwaani, cheo changu ni Mgeni, na juzi nimeuliza swali langu la kwanza: mtu huombaje kurudi alikotoka? Kikombe cha Pili alinijibu kabla maji ya chai hayajachemka. Alisema, "Sema kwamba unataka kurudi. Mimi nitanyamaza."

Ni jibu zuri. Nimelifungulia jalada, nimelipatia namba, na nimeliwasilisha kwenye Kamati ya hapa ghalani ili nipate idhini ya kulitumia. Kamati ya hapa ni mimi peke yangu, na akidi ni watu sita.